Nilikuambia Ni Karatasi Tu

Mpendwa Baba,

Leo ni siku ya sita sina kitambulisho. Nimekirudisha mwenyewe, kwa mkono wangu, kwenye ofisi ile ile iliyonipa, na karani akakitoboa tundu kwenye kona mbele ya macho yangu. Najua ungeniuliza kama nimerogwa. Ungevua kofia, ukajikuna kichwa, ukasema, "Wewe Hadija, watu wanalia kupata, wewe unarudisha?" Halafu ungecheka kile kicheko chako cha puani, nami ningejua hujakasirika.

Ninataka nikueleze kwa nini. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana, kwa sababu kila nikiandika jina lako naona aibu kana kwamba umeketi hapo mbele yangu ukisubiri chai.

Nakuandikia nikiwa Bungoma, katika hii nyumba ya vyumba viwili karibu na shule ninakofundisha. Kisu chako kiko juu ya kabati, kimefungwa katika kile kitambaa cha kaki ulichokikata kutoka suruali yako ya zamani. Mdogo wangu Zuhura alitaka kibaki Kitale kwa sababu yeye ndiye aliyeishi nawe hadi mwisho, lakini nilimshinda kwa ukubwa. Sikitumii. Hata kitunguu sijawahi kukata nacho. Mara moja moja nakishusha, nakipaka mafuta kidogo kisishike kutu, nakirudisha.

Nakumbuka Jumamosi zetu. Siku za wiki ulikuwa wa kichinjio cha Kitale, na gambuti zako nyeupe na koti lililowahi kuwa jeupe, na akina mama wa Kipsongo wakikungoja langoni na ndoo zao wapate matumbo kabla hayajaisha. Lakini Jumamosi ulikuwa wa watu. Mtu wa Endebess anaoza binti, anakutafuta. Mtu wa Moi's Bridge ana matanga ya mama yake, anakutafuta. Mchungaji anasimikwa, waumini wa kanisa wenyewe wanakuja hadi mlango wa msikiti kuuliza kama una nafasi. Mimi sikuona ajabu yoyote. Nilidhani dunia nzima iko hivyo, kwamba hakuna ng'ombe anayeweza kuanguka mahali mpaka baba yangu afike.

Siku moja nilikuuliza kwa nini wasichinje wenyewe, kwani visu wanavyo. Ulikuwa unafunga kamba za viatu. Ulisema, "Wanaweza. Lakini wageni watakuja, na kati ya wageni tuko sisi. Hawataki mtu akae na sahani tupu akiangalia wenzake wakila." Kisha ukaongeza, kwa ile sauti yako ya kunifunza, "Mtu akikuita umchinjie, ujue anakuambia anataka ule kwake."

Nilikua nikiamini hivyo. Nilikubebea chupa ya maji ya kunawa, nikasimama upande wa mgongo wa ng'ombe kama ulivyonielekeza, nikaona unavyokificha kisu nyuma ya mguu ili mnyama asikione. Uliniambia anayenoa kisu mbele ya ng'ombe anamuua mara mbili. Ukishaona wamemlaza akielekea kibla, ulitaja jina la Mungu kwa sauti ndogo, si ya kuonyesha watu, na kazi ilikuwa imekwisha kabla sijafumba macho. Walikupa shingo. Siku zote shingo ilikuwa yako, hata mahali ambapo hawakukujua jina.

Aliyekuita kuliko wote alikuwa Mzee Simiyu. Shamba lake la mahindi huku Bungoma tulilijua kama nyumbani. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye suti moja ya kijivu ya Jumapili, na alikusubiri barabarani yeye mwenyewe badala ya kutuma mtu.

"Kalibu, Lamadhani! Hii ng'ombe imekungoja tangu asubuhi, ata nyasi imekataa."

"Simiyu, wewe unataka kuniua na kazi. Juzi si ulioza?"

"Nilioza ndio. Saa hii ni mtoto amepita mtihani. Unataka nimpatie hongera na sukuma wiki, bana?"

Hata jina langu la pili lilitoka kwake. Ulikuwa kwake siku niliyozaliwa, mvua ikawashika mkiwa na ng'ombe nusu ameshachunwa, na habari ikaja kutoka Kitale kwamba Mama amejifungua msichana. Mzee Simiyu akasema mtoto aliyekuja na mvua ni Nafula, hakuna kubishana. Wewe ulikuwa umeshachagua Hadija. Mkakubaliana niwe vyote viwili, na mwalimu aliyeniandikisha shule alipotaka majina mawili ulimpa hayo hayo, Hadija Nafula. Lako halikuingia. Wakati huo hukuona ni jambo la kufikiria.

Nilipofika miaka kumi na minane nilikwenda kuchukua kitambulisho siku moja na Nanjala, binti ya Mzee Simiyu, aliyekuwa akisoma Kitale na kukaa kwetu. Unakumbuka tulivyotoka nyumbani tukiwa tumejipaka mafuta kama tunaenda kupigwa picha ya harusi. Nanjala aliulizwa jina, jina la baba na kijiji. Wakampaka wino vidoleni. Mimi nilipotaja jina langu na lako, yule karani aliinua kichwa akaniangalia kitambaa cha kichwani. Akasema, "Wewe rudi Alhamisi na mzazi. Kuna kamati." Nanjala alinisubiri nje akipangusa wino kwenye ukuta. Alidhani nimesahau kitu.

Alhamisi tukaenda, wewe na mimi. Wazee watano nyuma ya meza ndefu, na karani mmoja. Wewe ulivaa kanzu uliyoipiga pasi mara mbili. Mmoja wa wale wazee, mwenye miwani iliyofungwa na uzi, tulimjua wote. Ulikuwa umemchinjia harusi ya binti yake huko upande wa Endebess, mwaka mmoja tu kabla. Nilifurahi nilipomwona. Nilijiambia, sasa mambo yamekwisha.

Yeye ndiye aliyeanza.

"Nyinyi ni watu wa wapi?"

"Wa hapa Kitale," ulijibu.

"Hapa ni mahali mnaishi. Nauliza kwenyu ni wapi."

"Kwetu ni hapa. Babangu amezikwa Bungoma."

"Na babake?"

"Bungoma pia."

"Na babake huyo?"

Ukasema huyo, baba wa babu yako, aliletwa na jeshi la Waingereza, akiwa askari, na vita vilipokwisha wakamwacha hapa. Yule mzee akasema, "Ahaa," akaandika. Baba, ile "ahaa" naisikia hadi leo. Aliisema kama mtu aliyekuwa akitafuta kiroboto, sasa amempata.

Walitaka kipande cha babu yako, kile cha enzi za wakoloni. Hukuwa nacho. Basi wakasema walau tuonyeshe kaburi, lipigwe picha, na chifu aandike barua. Tukaja Bungoma, kwenye makaburi ya Waislamu, wewe mbele mimi nyuma. Sisi hatuandiki majina juu ya makaburi, na nyasi hazikumbuki mtu. Ulisimama katikati ya vilima viwili vya udongo. Ulisema, "Ni hili." Ukageuka. "Ama ni lile." Ulikuwa umeshika kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona kuna kitu ambacho baba yangu hakijui.

Tukashika njia ya kurudi Kitale, tukapita Kiminini. Halafu ukasema, bila kunitazama, "Yule mzee wa miwani alikula maini kwa ile harusi. Akaniitisha chumvi." Nilicheka, ukacheka. Ukaongeza, "Ng'ombe anaingia kichinjioni asubuhi, saa nne amepigwa muhuri. Mtu anaweza kwenda hata mwaka wa pili." Hiyo hatukuicheka.

Kwa jumla tulifika mbele ya kamati mara tatu. Mara ya pili walisema faili haionekani. Mara ya tatu walitaka kitambulisho cha Mama, na Mama alikuwa amekufa bila kukipata, akiwa bado katika foleni hiyo hiyo. Nafasi yangu ya chuo cha ualimu ikapita, ikaja nyingine, nayo ikawa inapita. Nanjala alikuwa ameshafungua akaunti ya benki, ana laini ya simu ya jina lake, amepiga kura. Mimi nilikununia. Niliosha vyombo kwa kelele ili usikie. Nilifikiri kosa ni lako, kwamba laiti ungekuwa mtu wa mahali fulani, kama baba za wenzangu. Hilo sijawahi kukuambia.

Ndipo Mzee Simiyu alipokuja Kitale na gunia la mahindi mabichi. Alikaa, akanywa chai, akazunguka weee, mwisho akasema.

"Lamadhani, huyu msichana nilimpa jina moja. Acha nimpe ingine. Nitamuandika kama wangu. Cheti ya shule inasema Hadija Nafula, haisemi baba. Chifu wangu ananijua. Ni wiki mbili tu, imeisha."

Adhana ya alasiri ilikuwa imeita, ukaenda msikitini, na ulikaa huko muda mrefu kuliko swala yenyewe. Ulirudi ukasimama mlangoni, ukaniuliza mimi, si yeye: "Wewe unasemaje?"

Nami nikasema, "Ni karatasi tu, Baba."

Ulirudia maneno yangu polepole. "Karatasi tu." Ukatikisa kichwa kukubali, ukamwambia Mzee Simiyu ahsante, na ukaingia chumbani kubadilisha nguo ambazo hazikuhitaji kubadilishwa.

Siku ya kuandikishwa ulitusindikiza mpaka Bungoma lakini ulikataa kuingia ofisini. Ulisema ukionekana utatuharibia. Ukakaa ng'ambo ya barabara, kwa fundi wa viatu, na kila mlango ulipofunguliwa niliona magoti yako na kofia yako juu ya magoti. Karani akaniuliza, "Baba yako ni huyu?" Nikasema ndiyo. Mzee Simiyu alikuwa akiangalia sakafu. Tulipotoka ulikuwa umeninunulia soda, imeshapata joto mkononi mwako. Ukanitania: "Sasa una baba wawili, usije ukamsahau huyu maskini."

Kitambulisho kilipotoka ulikishika mbali na macho, kama ulivyoshika kila kitu chenye maandishi madogo. Ulikiangalia mbele, ukakigeuza, ukakirudisha mbele. Nilingoja usome. Ulisema, "Picha imetoka vizuri," ukanirudishia kwa mikono miwili. Jina hukulisoma kwa sauti, siku ile wala siku nyingine.

Nikawa mwalimu. Nikawa Mwalimu Nafula Simiyu, na nikapangiwa Bungoma, ambako jina hilo lilinifungulia milango ambayo sikujua ilikuwa imefungwa. Wenye nyumba walinipa nyumba. Wazazi waliniita binti yao. Darasani nafundisha Mafunzo ya Jamii, na kila mwaka kuna siku naandika ubaoni kwamba raia wote ni sawa mbele ya sheria, watoto wanaimba nyuma yangu, na mimi nageuka kufuta vumbi la chaki mikononi hata kama mikono haina vumbi.

Kuna siku katika chumba cha walimu mwenzangu mmoja alikuwa akisoma gazeti. Akasema, "Si hawa watu wa huko msikitini ata sio Wakenya, bana. Ati wanalia vitambulisho. Warudi kwao." Kisha akaniona na kitambaa changu, akacheka: "Sio wewe, Nafula. Wewe ni wetu." Jina la Simiyu lilikuwa limeshaniosha machoni pake. Baba, nilicheka pamoja naye. Ningekuwa nimenyamaza tu ningejisamehe. Lakini nilicheka, na nikaendelea kusahihisha madaftari.

Zuhura alipofikia umri wake, Mzee Simiyu alijitolea tena. Ulimkatalia. Nilikuwepo, nimekuja likizo. Ulimwambia kwa upole sana, "Mmoja nimetoa, Simiyu. Huyu hapana." Basi ukaanza tena Alhamisi zako, na mtoto wa pili, na kanzu ile ile, na magoti yaliyoanza kukataa ngazi. Nilikasirika. Nilikuona mkaidi. Nilikuambia unamharibia mtoto maisha kwa kiburi. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukaniuliza kama nimekula.

Na siku ile ya hospitali. Zuhura alinipigia simu asubuhi nikiwa darasani, na nilipofika Kitale ulikuwa umelazwa, mdomo umekauka, ukijaribu kuuliza kama mvua imenyesha Bungoma. Muuguzi alikuja na fomu ya upasuaji. Alikuwa mtu mwema, sina la kumlaumu.

"Wewe ni nani wake?"

"Binti yake."

Akaangalia kitambulisho changu, akaangalia jina lako kitandani, akaniangalia tena. "Hapa inasema Simiyu."

"Ni hadithi ndefu, sista."

"Siwezi andika hadithi. Kuna mtoto mwingine mwenye kitambulisho?"

Zuhura alikuwa amesimama pale, mtoto wako wa damu, asiye na karatasi yoyote duniani. Mimi nilikuwa na karatasi, na karatasi ilisema wewe si wangu. Akatia saini mwenyekiti wa msikiti. Mahali pa uhusiano na mgonjwa waliandika: jirani. Jioni haikufika ukawa umetutoka. Kibali cha mazishi kikachukuliwa na jirani huyo huyo, kitambulisho chako kikarudishwa serikalini kama ilivyo kawaida, na kabla ya alasiri ya kesho yake tulikuwa tumekuzika. Katika karatasi zote za kifo chako hakuna mtoto. Mtu akizisoma miaka ijayo atadhani uliishi peke yako.

Mzee Simiyu alikuja kuzika. Alisimama nyuma ya wanaume wa msikiti amevaa ile suti ya kijivu, na walipomaliza dua alibaki pale akiangalia udongo. Nilimsikia akisema, "Lamadhani, sasa nani atanichinjia?"

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Juzi juzi walitangaza kwamba zile kamati zimeondolewa. Kwamba kila mtoto wa nchi hii atapanga foleni moja, aulizwe maswali yale yale. Zuhura alinipigia akipiga kelele mpaka nikaweka simu mbali na sikio. Msikitini waligawa tende. Mimi nilikaa kitandani nikalia, kwa sababu siku hiyo ulikuwa umeikosa kwa muda mfupi tu, na kwa sababu ulistahili kuwa wa kwanza kwenye hiyo foleni na kanzu yako iliyopigwa pasi mara mbili.

Nikamwita Zuhura aje Bungoma, nikampeleka ofisi ile ile iliyonipa changu. Tukapanga foleni na watu wote. Nakwambia kweli, Baba, kuna raha katika kusimama tu nyuma ya mgongo wa mtu usiyemjua, bila kuambiwa wewe kaa kando. Kijana wa ofisi alikuwa na adabu.

"Siku hizi hakuna vetting, madam, hakuna kamati. Ni kuleta tu kitambulisho ya mzazi. Kama hakuna, ndugu mkubwa anakuja na yake, anaapa kwamba baba yenu ni mmoja. Imeisha."

Zuhura akanisukuma mbele akicheka. "Ndugu mkubwa ni huyu! Sista, toa ID."

Nikaitoa. Sikuwa na la kufanya. Kijana akaisoma, akaniuliza kama tumechangia mama. Nikamwambia mama na baba. Akakuna kidevu. "Hapa hamjachangia baba."

Nje, Zuhura hakupiga kelele. Angenipiga kofi ningefurahi zaidi. Aliniuliza tu, "Sasa dada, kwani wewe ni wa nani?" Akasema basi atakaa tu hivyo, amezoea, chapati zake hazihitaji kitambulisho na laini yangu ya simu anaitumia vizuri. Akafunga leso kiunoni, akarudi Kitale kazini. Mtoto ana miaka ishirini na miwili.

Unaona jinsi ilivyo, Baba. Mlango ulikuwa umefunguliwa hatimaye, na aliyebaki amesimama mlangoni akimzuia ni mimi.

Nilikaa na jambo hilo wiki tatu. Nilijua nikikiri nitakuwa nimesema uongo kwa serikali, na mwalimu aliyesema uongo kwa serikali anaweza kufukuzwa kazi. Nilijua pia kosa halitakuwa langu peke yangu. Jumapili nikaenda kwa Mzee Simiyu alipotoka kanisani. Anatembea kwa fimbo sasa, na sikio moja limefunga kabisa. Nilimpigia kelele shida yangu yote kwenye lile sikio zima, huku kuku wakitukimbia.

Alisema, "Nilikuwa nangoja uje. Nimengoja sana."

"Wanaweza kukushtaki, Mzee."

"Wanifunge wapi? Mimi ata choo napelekwa na mjukuu. Acha wanilishe, Nanjala apumzike."

Halafu akaacha mzaha. Aliniambia ile siku, ulipokuwa kwa fundi wa viatu, alikuona kupitia mlango kama nilivyokuona mimi. Alisema alitaka kukuita uingie. Hakukuita.

Jumanne tukaenda, mimi, yeye na Zuhura. Foleni ilikuwa ndefu, ofisi imejaa. Zamu yetu ilipofika alikuwepo mama mmoja, mkubwa wa yule kijana, mwenye miwani kifuani. Nikamweleza. Akaangalia faili, akamgeukia Mzee Simiyu, akapaza sauti kwa sababu ya sikio lake, hata watu wote wakasikia.

"Mzee, huyu ni nani wako?"

Mzee Simiyu alivua kofia. Alijaribu kusimama bila fimbo, Zuhura akamshika kiwiko.

"Huyu si mtoto wangu," alisema. "Mimi ndio niliandika, lakini si wangu. Ni wa Lamadhani, yule alikuwa anachinja. Kila mtu wa huku alikula kwa mkono yake. Mimi nilichukua mtoto ya mtu, mama. Nilifikiri nasaidia."

Akaketi. Kuna mzee mmoja kwenye foleni aliyesema polepole, "Lamadhani wa Kitare? Mimi alinichinjia matanga." Kisha mwingine akasema hata yeye. Yule mama akawaomba watulie, afanye kazi.

Sijui nikuelezeje nilivyojisikia. Mtu aliyenipa jina siku niliyozaliwa alinikana mbele za watu, na iliniuma kama nimefukuzwa nyumbani. Na hapo hapo nilijua hakuna aliyewahi kunipenda zaidi ya vile, ila wewe, ulipokaa ng'ambo ya barabara na soda yangu.

Akanipa fomu. Kuna mstari unaosema jina la baba. Nimejaza fomu nyingi maishani, Baba, na kwenye mstari huo mkono wangu huwa unakimbia. Safari hii niliandika polepole mpaka yule kijana akauliza kama kalamu imeisha wino. Nikatia saini kiapo cha Zuhura pia. Kitambulisho chake kinasubiri changu kichunguzwe kwanza. Nilimwambia mwalimu mkuu mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine, naye akasema atalazimika kuandika kwa wakubwa, na kwamba ananiombea. Huenda nikaipoteza kazi. Huenda wakamwita Mzee Simiyu kujieleza zaidi. Sijui. Tuko wawili tunaongoja sasa, mimi na Zuhura, na jana alipika chapati nyingi akaniletea zile zilizoungua.

Wewe ulinijulisha usawa ni nini kabla sijajua kuuandika ubaoni: kwamba mtu asiachwe na sahani tupu akiangalia wenzake. Mimi nilipewa sahani, nikala peke yangu, nikakuacha wewe nje. Nisamehe. Sitafuti namna nyingine ya kusema.

Kitambulisho kikitobolewa wanakupa karatasi ya kungojea, nyembamba, yenye muhuri. Nimeiweka juu ya kabati, chini ya kisu chako. Ina jina langu lote, na lako liko mwisho, kwa herufi kubwa, huhitaji kuishika mbali. Nilikudanganya, Baba. Haikuwa karatasi tu. Hii ningetoa chochote uisome kwa sauti.

Pumzika. Mvua imenyesha Bungoma.

Mtoto wako wa kwanza,
Hadija binti Ramadhani